Serikali Yenye Sura za Wanaohudumiwa: Ilani ya Kuasisi Harakati

Sisi tunaotia sahihi ilani hii ni walimu, wauguzi, makarani, wahamasishaji wa afya, wazee wa mtaa na raia wa kawaida wa Kenya. Baadhi yetu hukaa ndani ya dirisha la serikali, baadhi hupanga foleni nje yake, na wengi tumewahi kuwa pande zote mbili. Tunaanzisha harakati hii kwa kuwa tunaamini kwamba asili ya mtumishi wa umma huingia naye ofisini kila asubuhi. Alikozaliwa, lugha aliyokulia, jinsia yake, dini yake, kama kwao kulikuwa na stima au koroboi, kama anasikia au ni kiziwi: hayo yote huchangia kuamua nani atahudumiwa, kwa heshima gani, na baada ya kuzungushwa mara ngapi.

Tunajua kauli hii inatia hofu. Kwetu Kenya, kutaja asili ya mtumishi ni kutaja kabila, na waliopitia mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watu zaidi ya 1,000 walipouawa na mamia ya maelfu kufurushwa makwao, hawahitaji kuambiwa kabila linaweza kufanya nini. Tunaiheshimu hofu hiyo. Lakini kunyamaza hakujatupa serikali isiyojua kabila. Kumeiacha ile tuliyo nayo iendelee bila kuulizwa, na mwananchi aliyenyimwa huduma amebaki kunong'ona kijiweni jambo ambalo lilipaswa kusemwa mkutanoni, hadharani, mbele ya wanaohusika.

Katiba ya 2010 haikunong'ona. Kifungu cha 232 kinataka ajira za umma zitolewe kwa ushindani wa haki na ustahili, na papo hapo kinaweka sharti: ustahili huo uzingatie uwakilishi wa jamii mbalimbali za Wakenya, na nafasi za kutosha na za usawa kwa wanawake na wanaume, kwa makabila yote na kwa watu wenye ulemavu. Kabla yake, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilikuwa imeshakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo, katika kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za wanaoanza kazi ziende kwa watu wasiotoka katika kabila kubwa la kaunti. Hatudai, basi, jambo geni. Tunadai sheria hizi zisomwe kwa macho ya anayehudumiwa. Tangu zipitishwe, zimesomwa zaidi kwa macho ya wanaotafuta vyeo: jamii gani imepata makatibu wangapi, nani amesahaulika katika uteuzi wa Ijumaa. Mama aliyesimama kwenye foleni ya zahanati na mtoto mwenye homa hayumo katika hesabu hiyo.

Kitambulisho

Tuanze na kitambulisho, kwa sababu bila hicho Mkenya hafungui akaunti benki, hasajili laini ya simu wala hapigi kura. Sheria ni moja kwa wote. Kijana wa Murang'a au Bomet anayetimiza miaka 18 hupeleka cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, huchukuliwa alama za vidole, akarudi nyumbani kusubiri. Kwa miaka mingi kijana wa Garissa, au kijana Mnubi wa Kibera, alikuwa na kituo kimoja zaidi: kamati ya kumpiga msasa. Huko, wazee na maofisa wa usalama walimhoji babu yake alizaliwa wapi, alizikwa wapi, na nani angeweza kushuhudia.

Wanubi wako Kibera tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wazee wao wakiwa askari wa King's African Rifles. Hata hivyo, ilipofika 2011 bado Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ililazimika kuamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wao kwa kuwaacha wakue bila uhakika wa uraia. Wakenya Wasomali walichujwa mwaka 1989 na kupewa kadi za pekee ambazo Mkenya mwingine hakuhitaji kubeba. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa na kazi ya mashamba ya mkonge, walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 ndipo Ikulu ikawasikia. Wapemba, wavuvi wa Pwani yetu, walisubiri kutambuliwa hadi 2023.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi agizo la kufuta msasa huo. Tunalipokea kwa mikono miwili. Ila agizo husainiwa siku moja na dirisha hufunguliwa kila siku. Karani ambaye tangu utotoni Mkenya wa kawaida, machoni pake, ni mtu wa majina fulani na lafudhi fulani, ataona shaka mahali ambapo mwenzake haoni chochote. Si lazima awe na nia mbaya. Amekulia mahali ambapo hakuna aliyewahi kuulizwa babu yake alizikwa wapi, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Atasema "njoo kesho" kwa upole kabisa, na kesho hiyo itamgharimu kijana nauli ya kilomita 80.

Na hapa tuseme ukweli wote. Wazee wa jamii zilezile walikalia viti katika kamati hizo, na malalamiko ya kudaiwa kitu kidogo yaliwahusu wao pia. Mzee Msomali alimdai kijana Msomali. Anayedhani kwamba kumweka mtu wa kwetu dirishani kunamaliza kazi, hajasikiliza wanaotoka kwenye dirisha hilo.

Kaskazini

Kaskazini mwa nchi, swali la nani anatumwa na serikali limegharimu maisha ya watu. Wakoloni waliifunga Northern Frontier District: mtu hakuingia wala kutoka bila kibali, na serikali ilikuwa ofisa aliyeletwa kutoka mbali. Uhuru ulipokuja, vita vya Shifta vikazuka, na sheria za hali ya hatari zikabaki huko hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo mahali ambapo zingezaa haraka, na ardhi ya wafugaji haikuhesabiwa kuwa mahali hapo. Februari 1984, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi hawakutoka hai. Kwa vizazi viwili mtu wa Wajir aliijua serikali kwa sura ya mgeni mwenye bunduki au mgeni mwenye muhuri. Wageni wenyewe, wengi wao, walipelekwa huko kama adhabu. Ofisa akikosana na mkubwa wake, barua ya uhamisho inamtajia Mandera au Lodwar. Mtu aliyetumwa kwa adhabu hana sababu ya kujifunza lugha ya pale, wala ya kujua kisima kipi kimekauka. Anachosubiri ni barua nyingine ya kumrudisha.

Shuleni ndiko jeraha lilikofunguka wazi. Kwa kuwa wenyeji waliosomea ualimu walikuwa wachache, madarasa ya Garissa, Wajir na Mandera yalisimama kwa walimu kutoka sehemu nyingine za nchi. Walimu hao walifanya kazi kubwa, na watoto wengi wa kaskazini walijua kusoma kwa sababu yao. Novemba 2014, al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria kwa dini, wakaua watu 28, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda likizo kwao. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa. Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wasio wenyeji, na baadhi ya shule zikabaki na majengo, mbao na wanafunzi. Hatumlaumu mwalimu aliyeondoka, nani angekaa? Tunailaumu sera iliyokaa zaidi ya nusu karne bila kusomesha walimu wa kutosha kutoka maeneo hayo, hata kuondoka kwa mgeni kukawa ndiko kuondoka kwa shule.

Kaskazini hiyohiyo imetufundisha upande wa pili. Desemba 2015, basi jingine liliposhambuliwa njiani kwenda Mandera, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo na akafariki mwezi uliofuata. Tunamtaja kwa heshima katika ilani hii ili asitokee mwanachama wetu akadai kwamba Mkristo hawezi kumhudumia Mwislamu, au kwamba Mkamba hawezi kumfundisha Mborana. Anaweza. Tunachokataa ni mpango ambao daima Mborana ndiye anayesubiri kuletewa mtu.

Asili hufanya kazi gizani

Wachumi waliochunguza fedha za barabara nchini kuanzia 1963 hadi 2011 waligundua kwamba, katika miaka ya utawala usio na upinzani, wilaya zenye watu wa kabila la rais zilipata takriban mara mbili ya zile nyingine. Katika miaka ya vyama vingi pengo hilo lilitoweka. Sisi tunajifunza mengi hapo. Aliye juu huwaona watu wake kwanza, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba akiwekewa bunge linalouliza, mahakama inayosikiliza na magazeti yanayoandika, mkono wake hujizuia. Asili ya mtumishi ina nguvu zaidi pale asipoangaliwa, na hakuna mahali pasipoangaliwa kama meza ya karani wa tarafa. Barabara kuu huonekana kwa kila mtu. Ombi la kitambulisho lililowekwa chini ya rundo halionekani.

Ndiyo maana ugatuzi wa 2013 umetupa matumaini na majuto kwa pamoja. Kaunti 47 zilipoanza kuajiri, wauguzi na maofisa wa kilimo wanaojua lugha za vijijini walipata kazi karibu na kwao, na wagonjwa walianza kueleza maumivu yao bila mkalimani wa kuokoteza. Tunasema hili kwa furaha. Lakini katika kaunti kadhaa, kabila kubwa lilijiambia kwamba sasa ni zamu yetu ya kula, na malalamiko tuliyokuwa tukiyapeleka Nairobi yakahamia makao makuu ya kaunti. Muulize Mwaweer wa msitu wa Boni kule Lamu, Mmunyoyaya wa Tana River, au Msengwer wa Embobut, ni watu wake wangapi wako kwenye orodha ya mishahara ya kaunti, na wanafanya kazi gani.

Tabaka halitajwi

Mjadala wetu wote umekuwa wa kabila, na hali ya maisha aliyotoka mtumishi imepita kimya. Mtoto wa mitaa ya mabanda anayepata kazi ya ukarani hukutana na wenzake waliosoma shule za bweni, na kabla ya mwaka kuisha ameshajifunza kuzungumza na mama mboga kwa Kiingereza ili aonekane ofisa. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7, sawasawa na Kiingereza, lakini fomu nyingi zinazoamua maisha ya watu bado zinajazwa kwa Kiingereza. Anayejua lugha hiyo hujaza mwenyewe. Asiyeijua hulipia kijana nje ya ofisi amjazie, na kijana akikosea tarehe, mwenye fomu hurudi mwezi ujao. Majirani zetu wa Tanzania waliwapanga watumishi mbali na mikoa yao kwa miaka mingi, na utaratibu huo uliwezekana kwa kuwa karani na mwananchi walikutana katika Kiswahili. Sisi tuliiga uhamisho na tukasahau lugha. Kiziwi naye hana pa kukutana na karani kabisa: Katiba inataka Lugha ya Ishara ya Kenya iendelezwe, lakini mwanamke kiziwi anayejifungua bado huenda na binti yake mdogo akatafsiri mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia.

Kuna mahali serikali imeshakubali hoja yetu, pengine bila kukusudia. Septemba 2023 ilizindua kikosi cha wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliochaguliwa kutoka vijiji vyao, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Walichaguliwa kwa asili yao: wanajua nyumba ipi ina mjamzito anayeficha, mzee yupi ameacha kumeza dawa, mlango gani haugongwi mchana. Wengi wao ni wanawake. Malipo yao yaliwekwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na hawahesabiwi kuwa watumishi wa umma kamili. Serikali imekiri kwamba ukaribu na jamii ni ujuzi, kisha ikaupa ujuzi huo bei ya chini kuliko mwingine wowote iliyo nao. Tunaliita hilo dhuluma.

Tunayodai

Kwanza tunadai hesabu ya dirishani. Ripoti za sasa huhesabu taasisi nzima, na taasisi inaweza kutimiza thuluthi zake kwa wafagiaji na madereva huku wanaoamua wakiwa watu wa nyumba moja. Tunataka kila ofisi ya usajili, zahanati, kituo cha polisi, ofisi ya ardhi na shule ibandike ukutani kila mwaka, kwa kila ngazi ya kazi, idadi ya watumishi wake kwa jamii, jinsia na ulemavu, pamoja na lugha wanazoweza kumhudumia mtu. Majina hatuyataki. Mtumishi asiwindwe kwa sababu ya ripoti hii.

Tunadai lugha ya eneo ihesabiwe kuwa sifa ya kazi na ipewe alama katika usaili, bila kujali anayeijua ni wa kabila gani. Mluhya aliyekulia Moyale na kuzungumza Kiborana ni mtumishi bora wa Moyale kuliko Mborana aliyekulia Nairobi asiyeijua lugha ya nyanya yake. Tunalisisitiza jambo hili, maana hapo ndipo tunapotengana na wanaotaka kutugawa kwa damu. Hospitali ya rufaa ya kila kaunti iwe na mkalimani wa lugha ya ishara aliyeajiriwa, zamu ya mchana na ya usiku.

Kuhusu walimu wa kaskazini, tumesikia ubishi juu ya kupunguza alama za kuingilia vyuoni kwa kaunti zilizoachwa nyuma. Msimamo wetu ni kwamba mlango wa kuingilia ulegezwe na mlango wa kutokea usilegezwe hata kidogo. Mwanafunzi aliyesoma chini ya mwalimu mmoja kwa madarasa manne hapaswi kuadhibiwa kwa alama zake. Apewe mwaka wa matayarisho, alipiwe, kisha afanye mtihani uleule wa mwisho kama wenzake wa Kiambu. Mtoto wa Mandera anastahili mwalimu wa nyumbani, na anastahili mwalimu hodari. Hatukubali kuambiwa tuchague.

Uhamisho wa adhabu kwenda kaunti zilizotengwa upigwe marufuku. Wahamasishaji wa afya waajiriwe kwa mkataba, wapate bima na malipo yasiyopungua kima cha chini cha mshahara. Bodi za utumishi wa umma za kaunti zitangaze, kabla ya barua za ajira kutoka, jinsi kila awamu inavyotimiza ile asilimia 30 ya kifungu cha 65. Na katika nafasi zinazoshika zabuni, ajira na ugawaji wa ardhi, anayekaa kwa jamaa zake azungukwe na wasio jamaa zake, maana ukaribu unaomsaidia muuguzi kumwelewa mgonjwa ndio unaomrahisishia ofisa wa zabuni kumpa shemeji yake kazi.

Masharti juu yetu wenyewe

Harakati isiyojipima haina haki ya kupima wengine. Kamati yetu ya uongozi haitakuwa na zaidi ya thuluthi moja ya watu wa kabila moja wala zaidi ya thuluthi mbili za jinsia moja, na mikutano yake yote itakuwa na mkalimani wa lugha ya ishara. Kiongozi wetu akitangaza kugombea kiti cha kisiasa, siku hiyohiyo ameacha uongozi. Mwanachama aliye mtumishi wa umma anaapa kutomruka mtu foleni kwa ajili ya jamaa, na akiombwa na mtu wa kwao "msaada kidogo", atamwambia apange foleni, kwa lugha ya kwao, kwa heshima, na atahakikisha foleni hiyo inasonga. Kiapo hiki kitatuletea ugomvi majumbani. Tumekubali.

Kazi yetu ya kwanza itaanzia Tana River, Lamu, Kwale na Garissa, kisha mitaa ya Kibera na Eastleigh. Wanachama watasimama nje ya ofisi za usajili na zahanati, wakiwauliza wanaotoka maswali manne: umehudumiwa kwa lugha gani, umeambiwa urudi mara ngapi, umeombwa kitu gani ambacho hakimo kwenye orodha iliyobandikwa, na je, ndani kuna mtu yeyote aliyeelewa shida yako kabla hujamaliza kuieleza. Majibu yatakusanywa bila majina. Yatasomwa katika kikao cha hadhara cha kila kaunti, bodi ya utumishi wa umma ya kaunti hiyo ikiwa imealikwa kwa barua, na nakala itakabidhiwa karani wa bunge la kaunti apige muhuri wa kuipokea.